Mteja anasema mzigo haujafika na wewe unajua uliushusha: fanya hivi

Madereva wenzangu wa delivari, hii naiandika kwa ajili ya ile simu ambayo kila mmoja wetu ameshaipata au ataipata tu. Umemaliza ruti, umechoka, unakaribia kupaki, simu inaita, dispacha, yule wa ofisini anayesimamia ruti, anakwambia mteja wa stopu fulani anasema mzigo wake hajauona na kwenye sistimu unaonekana umekabidhiwa saa nane na dakika kumi na jina lako lipo pale. Moyo unashuka. Kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ni "mimi nimeupeleka huyu anadanganya", na hapo ndo wengi wetu tunaharibu, maana ukishaanza kujitetea hutafuti tena mzigo, unatafuta mwenye kosa.

Nimefanya hii kazi miaka kadhaa. Nimeshapata kesi ambazo kosa lilikuwa langu kabisa, na nimeshapata kesi ambazo mzigo ulikuwa umewekwa juu ya kabati na mtu wa humo humo ndani ya nyumba na mwenye mzigo hana habari. Kwa hizo zilizonipata mimi, wizi na uongo zilikuwa chache, mara nyingi mzigo ulikuwepo mahali fulani, hatua chache tu na pale ulipotakiwa kuwa. Kwa hiyo utafute kwanza, mambo ya nani kakosea yatakuja baadae na yana watu wake wa kuyaamua.

Kinga yako inaanzia mlangoni

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndo pana kila kitu, yaani ukifika ofisini kujieleza unaenda na kile ulichokikusanya zile sekunde kumi za mlangoni, hakuna kingine. Kama hukukusanya kitu unaenda na maneno, na maneno mteja nae anayo.

Soma namba ya nyumba kwa macho yako, usisome ramani. Ramani inakuonyesha kidoti umefika lakini kidoti siyo mlango. Wamarekani ambao ndo wenye GPS wenyewe wanasema simu ya kawaida ikiwa eneo la wazi inaweza kupishana na ukweli kwa kama mita 4.9, na hapo ni kwenye uwazi, mbingu unaiona yote. Ukiwa katikati ya maghorofa au chini ya miti minene mambo yanazidi kuwa mabaya, na mita tano tu zinatosha kabisa kukuhamisha mlango mmoja hadi mwingine. Kwenye jengo la ghorofa ndo usiiamini kabisa, pini ya kwenye ramani ni ile ile moja uwe ghorofa ya 3 au ya 7, kwa hiyo mzigo ukiachwa ghorofa siyo, sistimu itaonyesha kila kitu kiko sawa na mteja atakuwa anasema ukweli mtupu kwamba hajaupata. Hii ni moja ya kesi zinazoumiza zaidi, kwa sababu nyie wote wawili mna uhakika.

Namba zinazogeuka pia ziangalie, 68 na 86, 117 na 171, jicho likichoka linasoma linachotaka. Na majengo yenye upande A na upande B, na mitaa miwili inayofanana majina. Mimi nimejizoesha kusoma namba ya kwenye lebo kwa sauti, halafu nainua macho nasoma ya mlangoni kwa sauti, sijali nani ananiangalia.

Skani ifanyike pale mzigo unapotua, siyo ndani ya gari. Najua ruti ni ndefu na najua wengine wanaskani stopu nzima wakiwa bado wamekaa kwenye siti ili waokoe dakika mbili, lakini ukishaskani ndani ya gari umeshaiambia sistimu kwamba umekabidhi kitu ambacho bado unacho, na kuanzia hapo kumbukumbu yako nayo inaanza kuamini hivo hivo. Kama stopu moja ina mizigo mitatu, hesabu tatu ukitoa garini, hesabu tatu ukiweka chini. Kwa sauti tena.

Halafu picha. Picha nyingi ninazoona madereva wanapiga ni boksi limejaa skrini yote, unaona kadibodi na utepe basi. Hiyo picha haikusaidii kitu, inaweza kuwa imepigwa popote duniani. Rudi nyuma hatua mbili tatu, mzigo uonekane na mlango uonekane na kama namba ya nyumba ipo iingie ndani ya fremu, kama namba haipo basi chukua kitu cha kudumu cha pale, rangi ya geti, umbo la ngazi, taa ya ukutani. Usiku washa mwanga na uiangalie picha kabla hujaondoka, picha nyeusi ni sawa na kutokuwa na picha. Ila usipige sura za watu, na mtoto ndo kabisa, na usipige ndani ya nyumba mlango ukiwa wazi. Mtu akiwa amesimama mlangoni anapokea, mwombe, "dada naweza kupiga picha ya mzigo hapa chini?", atausogeza mwenyewe.

Ukiuficha mzigo nyuma ya chungu cha maua au chini ya ngazi ili usionekane barabarani, umefanya vizuri, lakini mwambie mteja. Meseji ya maneno sita ndani ya apu inatosha. Sijui ni mara ngapi nimesikia mzigo umepotea kumbe dereva aliuficha vizuri mno na hakusema wapi.

Kama amepokea mtu mwingine andika jina. "Mlinzi" siyo jina, "jirani" siyo jina, "mapokezi" siyo jina, maana walinzi wanabadilishana zamu na yule wa usiku hajui kilichoachwa na yule wa mchana. Andika jina alilokutajia na sehemu aliyokuwepo, mfano mlinzi geti la nyuma, na kama mteja alisema mzigo usiachwe kwa mtu basi usiuache kwa mtu hata kama mtu mwenyewe anacheka vizuri na anakuita bosi.

Na ile namba ya siri anayotumiwa mteja kwenye simu, ile ni ya kubadilishana na mzigo mkono kwa mkono. Usiichukue kwa simu ukiwa njiani eti uharakishe, na ukishapewa usiweke mzigo kwenye korido ukaondoka, kwa sababu ile namba ndo inasema "nimeupokea mkononi", sasa ukiitumia kwa mzigo ulioachwa chini na ukapotea, ushahidi wako wenyewe unakugeuka.

Simu ikishaingia

Paki kwanza. Hii siyo simu ya kuongea unaendesha, kwa usalama wako na pia kwa sababu unachosema dakika ile ya kwanza kitaandikwa mahali. Usiseme "nimeupeleka kwa mikono yangu nakumbuka vizuri" kama umeshusha stopu mia moja siku hiyo, hukumbuki, unakumbuka mlango unaofanana na huo. Na usiseme "samahani nimeupoteza" kwa sababu tu mtu analia kwenye simu. Sema hivi tu, "nimekuelewa, naangalia gari sasa hivi na rekodi zangu, nakupigia ndani ya nusu saa". Halafu umpigie kweli ndani ya nusu saa, hata kama huna jipya.

Chukua namba ya mzigo. Siyo namba ya oda, wateja wengi wanachanganya hivi vitu viwili na unaweza kutafuta mzigo ambao hata haujawahi kupanda gari lako. Kama ni mzigo uliokuja kwa posta kutoka nje ya nchi, namba yake kwa kawaida ina jumla ya alama 13, mbili za mwanzo ni herufi, halafu tarakimu 9, halafu herufi mbili za nchi ulikotoka, huo ni mpangilio wa Umoja wa Posta Duniani na ukiuona unajua upo kwenye namba sahihi. Mwombe akutumie picha ya ile meseji aliyopokea, usimwache aisome kwa mdomo, tarakimu moja ikipotea mnaongelea mzigo wa mtu mwingine.

Afu tazama kama mteja ana mzigo mmoja au zaidi. Muuzaji anaweza kugawa oda moja kwenye maboksi mawili na yakaja siku tofauti, mteja anaona "imekabidhiwa" na kilichofika ni boksi dogo tu, anadhani ameibiwa. Hii inaisha kwa swali moja, "kuna kitu chochote umepokea leo au jana kutoka kwa muuzaji huyo huyo?"

Sasa gari. Litafute kama unatafuta pete, siyo kuchungulia. Bahasha laini zinateleza kati ya siti na mlango, chini ya siti, chini ya mkeka, nyuma ya yale mabegi ya kupangia mizigo, na ndani ya begi unalodhani ni tupu. Bahasha ndogo inaweza kunasa kwenye utepe wa boksi kubwa ikashuka nalo kwa mteja mwingine. Geuza kila begi, lipapase.

Hapa niseme yangu. Kuna siku nilipigiwa na mama mmoja, anasema ametumiwa ujumbe kwamba kifurushi chake kimefika na mlangoni hakuna kitu. Nikamjibu kwa ukali kidogo, nikamwambia picha ipo. Kweli picha ilikuwepo, ila nilipoifungua vizuri kulikuwa na maboksi mawili na skani zilikuwa tatu. Cha tatu ilikuwa bahasha nyembamba ya dawa zake, ilikuwa imelala chini ya siti ya abiria, nimezunguka nayo siku nzima. Nilimrudishia usiku ule ule baada ya kuongea na ofisi na nikamwomba radhi, akanielewa, lakini yale maneno niliyomjibu nikiwa na uhakika wa uongo bado yananiuma mpaka leo. Tangu siku hiyo sijawahi kumjibu mteja kabla sijapapasa gari.

Angalia stopu ya kabla na stopu ya baada

Hii sikufundishwa na mtu na natamani ningefundishwa. Mzigo ukishushwa kimakosa, mara nyingi hauendi mbali, unaenda kwa mteja uliyemhudumia kabla yake au baada yake, kwa sababu uliishika mizigo miwili mkononi ukaibadilisha. Na ikiwa hivo basi kuna watu wawili wenye shida, mmoja hana wake na mwingine ana usio wake, na huyo wa pili huenda bado hajafungua. Fungua orodha ya ruti, angalia stopu mbili juu na mbili chini, angalia picha zako za hizo stopu, kuza lebo kama inasomeka. Mimi nimepata mizigo mingi kwa njia hii kuliko kwa njia nyingine yoyote ile, na dispacha akikusaidia kuwapigia hao majirani wa kwenye orodha inachukua dakika tano.

Ukishamaliza hapo rudi kwa mteja. Ongea nae taratibu na uulize, usihoji. Kuna tofauti kati ya "una uhakika hakuna mtu nyumbani kauchukua?" na hii hapa:

"Dada samahani kwa usumbufu, nataka tuutafute pamoja. Mimi niliuacha saa nane na dakika kumi, kuna geti la bluu upande wa kushoto, hapo ndo kwako?"

Ukimwelezea ulichokiona anaweza kukwambia papo hapo "hapana, langu ni jeusi", na kesi imeisha, unajua umekosea mlango. Au anakwambia "ndo hapo", basi muulize nani alikuwepo nyumbani muda huo, kuna mtu wa kusaidia kazi, kuna mlinzi, kuna sehemu ya kuweka vifurushi ya jengo zima, kuna mlango wa nyuma. Muulize pia kama anuani iliyoandikwa kwenye oda ndo anayokaa saivi, watu wanahama na anuani ya zamani inabaki kwenye akaunti, wanabonyeza tu kununua. Mzigo umefika sehemu sahihi kabisa kwa mujibu wa lebo, ila sehemu yenyewe anakaa mtu mwingine. Hilo siyo kosa lako, lakini mwambie ni upande gani aanzie kutafuta.

Kuna jambo lingine wateja hawalijui, kwamba wakati mwingine "imekabidhiwa" inatokea kabla mzigo haujafika kweli, mtu kabonyeza mapema au skani ya stopu nzima imebeba na usiofika. Ndo maana kampuni kubwa kama Amazon kwenye maelekezo ya wateja wao wameweka kwamba ikionyesha imefika na huioni, uangalie kuzunguka nyumba, uulize majirani na usubiri kidogo kabla ya kudai. Kwa hiyo mteja akisema anataka kurudishiwa hela dakika hiyo hiyo usibishane nae, mwambie ana haki ya kudai kwa muuzaji, na wewe unaendelea kutafuta.

Kurudi au kutorudi

Usirudi bila ofisi kujua. Hata kama ni mtaa wa jirani na hata kama unajiona una makosa. Ukirudi kimya kimya halafu pakatokea lolote, ukaonekana kwenye kamera unazunguka nyumba ya mtu saa mbili usiku, huna wa kukutetea. Mwambie dispacha kwa meseji iliyoandikwa, siyo kwa mdomo, kwamba narudi stopu namba fulani kuangalia, na ukitoka mwandikie nimetoka.

Ukifika usiingie ndani hata ukikaribishwa. Usifungue geti la jirani mwenyewe. Gonga, subiri, sema "habari, mimi ni dereva wa delivari, leo kuna kifurushi nadhani nimekishusha hapa kimakosa, kuna chochote mmekiona ambacho siyo chenu?" Usitaje jina la mwenye mzigo wala kilichomo ndani, hizo ni taarifa zake. Akisema hakuna, mshukuru ondoka. Usibishane mlangoni kwa mtu hata kama unaliona boksi pale ndani kwa macho yako, piga simu ofisini wao wataongea nae au wataenda kwa taratibu zingine. Na mteja akiwa na hasira kali, anatukana au anatishia, hapo usirudi kabisa, mzigo wowote unaweza kulipwa na mwili wako haulipwi.

Ukiukuta kwenye gari au kwa jirani, jizuie kuupeleka tu ukaona yameisha. Sistimu inasema ulikabidhiwa saa nane, sasa ukiukabidhi saa mbili usiku bila kurekebisha rekodi, mteja atakuwa na mzigo na malalamiko yake bado yako wazi, na huenda muuzaji ameshamtumia mwingine au amemrudishia hela. Piga ofisini wabadilishe hali ya mzigo, uuskani upya wakikwambia, picha mpya, na mwambie mteja ukweli ulikuwa wapi. Ukweli mfupi. "Ulikuwa umeteleza chini ya siti, kosa langu, samahani sana." Watu wanasamehe hiyo kirahisi kuliko hadithi ndefu.

Boksi limefika lakini ndani hakuna kitu

Hii ni ya aina yake na inakuja na lawama nzito zaidi maana sasa siyo "umepoteza", ni "umeiba". Kinga yake ni asubuhi wakati wa kupakia. Boksi lenye utepe uliochanika, lenye utepe wa rangi nyingine juu ya ule wa awali, lililolowana, au jepesi ukilishika na lebo inasema kilo kadhaa, usilipakie kimya. Liweke pembeni, liite jicho la msimamizi, piga picha ya ule mpasuko kabla halijaingia garini, uzito ulioandikwa kwenye lebo uonekane. Wakikwambia lipeleke hivo hivo basi waandike. Ukifika kwa mteja mwonyeshe hali yake kabla hajapokea, na kama anataka kulikataa mwache alikatae, usimsukume apokee ili tu namba zako zipendeze.

Na yule anayedanganya kweli

Wapo. Anapokea, anatabasamu, na jioni anadai hajaona. Inauma, hasa ukikumbuka sura yake. Lakini kuthibitisha kwamba anadanganya siyo kazi yako na huna nyenzo za kufanya hivo. Ofisi ndo ina historia ya anuani ile, wanaona kama ni mara ya kwanza au ya tano, muuzaji nae ana yake. Wewe peleka ulichonacho na uombe anuani hiyo iwekewe alama, ili mara nyingine mizigo yake yote iwe ya saini au ya namba ya siri. Usimtumie meseji za vitisho, usirushe picha ya nyumba yake kwenye magrupu ya madereva, usimwambie jirani yake kwamba fulani ni mwizi. Nimeona dereva mzuri, mwenye haki kabisa kwenye kesi yake, akapoteza kazi kwa sababu ya meseji moja aliyoandika akiwa na hasira, na mzigo wenyewe ukasahaulika, ikabaki ile meseji.

Maelezo ya maandishi

Ofisi ikikuomba uandike maelezo, andika siku hiyo hiyo kabla hujalala. Ukilala stopu zinaanza kuchanganyika. Andika ulichokiona na ulichokifanya, saa, na kile usichokikumbuka sema hukikumbuki. Usiandike "mteja ni mwongo", andika kitu kinachoweza kuangaliwa na mtu ambaye hakuwepo. Mfano wa namna ninavyoandika mimi:

"Stopu namba 64. Nilifika saa 8:08 mchana. Niligonga mara mbili hakuna aliyeitika. Maelekezo kwenye apu yalisema acha mlangoni. Niliweka boksi moja la kati kulia kwa mlango, chini ya sanduku la barua. Nilipiga picha, geti la bluu na namba vinaonekana. Niliskani nikiwa mlangoni saa 8:10. Sikumwona mtu. Nilipigiwa saa 12:30 jioni, nilikagua gari lote, sikuukuta. Nilikagua picha za stopu 62, 63, 65 na 66, hazionyeshi boksi hilo."

Angalia hapo hakuna hasira hata moja na mtu akisoma anaona ulifanya kazi yako. Ambatanisha picha, na meseji ulizotumiana na mteja ndani ya apu. Hii ndo sababu nawaambia watu wasipende kumpigia mteja kwa namba binafsi, ya ndani ya apu inabaki kwenye rekodi, ya kwako inabaki ni neno lako na lake.

Uwe na kumbukumbu zako mwenyewe pia. Ile Timeline ya Google Maps ukiiwasha inakuonyesha ulipita wapi na saa ngapi, na tangu 2024 wameihamishia ndani ya simu yenyewe, kwa hiyo ukipoteza simu bila kuweka bekapu imeenda, na kuna mpangilio wa kujifuta baada ya miezi mitatu, uangalie usije ukakuta kesi ya zamani imeibuka na data zimeshafutika. Daftari dogo garini nalo linasaidia kuliko unavyodhani, stopu yoyote iliyokuwa ya ajabu kidogo, namba haionekani, mbwa, mtu amegoma kutaja jina, andika mstari mmoja. Usiandike anuani kamili na majina ya wateja kwenye daftari linaloweza kudondoka, namba ya stopu na saa vinatosha.

Wakitaka kukukata hela

Kwanza ujue wapi mteja anadai. Sehemu nyingi deni la mzigo uliopotea ni kati ya mnunuzi na muuzaji. Umoja wa Ulaya wameliweka kwenye direktivu yao ya 2011 ya haki za walaji, na Uingereza kwenye sheria yao ya 2015, kwamba kama muuzaji ndo kapanga usafiri, bidhaa ziko kwenye hatari ya muuzaji mpaka zifike mkononi mwa mnunuzi au mtu aliyemchagua. Kwa hiyo mteja akikubana mlangoni umlipe wewe, usitoe hela mfukoni, hata kidogo, hata ukimwonea huruma. Ukimlipa umeshakubali kosa na muuzaji nae anaweza kumlipa tena. Mwelekeze tu kwa heshima afungue dai kwa muuzaji na umpe saa na maelezo ya pale ulipouacha.

Kati yako na kampuni yako ni mkataba wako ndo unaosema, kwa hiyo ule mkataba uusome kabla siku haijafika. Wakija na karatasi ya kukata mshahara usiisaini pale pale ukiwa umesimama kaunta. Omba waonyeshe kwa maandishi walichonacho, skani, pini ya GPS, picha, malalamiko ya mteja na tarehe yake, na uombe siku ya kujibu. Kampuni zingine zinahesabu malalamiko haya kama alama za dereva, wanaobeba mizigo ya Amazon wanazijua zile herufi DNR, yaani umekabidhiwa lakini haujapokelewa, na alama moja inaweza isikuguse ila zikijirundika zinakupunguzia ruti. Kwa hiyo hata ile kesi ndogo ambayo mzigo ulipatikana baadae fuatilia ifutwe. Mwombe mteja kwa upole athibitishe kwenye apu kwamba ameupata, mpigie muuzaji au ofisi wafunge dai, na baada ya siku mbili tatu ingia mwenyewe uangalie kama imetoka kwenye jina lako. Kama bado ipo, watumie tena ile picha ya mara ya pili na saa yake, kwenye meseji ile ile ya mwanzo ili mlolongo wote uonekane sehemu moja.